Mshahara Usiolipwa: Kusoma Mgomo wa Cheneo kwa Macho ya Kwale

Kila mwaka nilipokuwa nikisahihisha karatasi ya tatu ya Kiswahili (102/3), kulikuwa na jibu moja nililokutana nalo mpaka likanichosha. Swali liliuliza kuhusu haki za wafanyakazi katika tamthilia ya *Mstahiki Meya* ya Timothy Arege. Mtahiniwa anaandika: "Wafanyakazi wanagoma kwa sababu wananyanyaswa. Wanalipwa mshahara mdogo. Meya ni katili." Kisha anaruka hoja nyingine. Hakuna uongo hapo, lakini pia hakuna cha kutuza zaidi ya alama moja au mbili. Aliyeandika hivyo ameona mgomo, hakuona dai. Somo hili ni la kukusaidia uone dai.

Nimefundisha ukanda wa Pwani Kusini kwa miaka mingi, na nimegundua kwamba wanafunzi wa Diani, Ukunda na Msambweni wanaijua habari hii kabla hata ya kufungua kitabu. Wameiona nyumbani. Kwa hiyo tuanzie nyumbani, halafu tuingie Cheneo.

Dai la aina gani?

Kuna tofauti kubwa kati ya mfanyakazi anayesema "niongezee" na yule anayesema "nilipe". Wa kwanza anaomba maslahi bora kwa kazi atakayoifanya kesho. Wa pili anadai jasho la jana. Anayeomba nyongeza anaweza kuambiwa, "Hatuna uwezo," na mazungumzo yakaendelea. Anayedai mshahara wa kazi aliyokwisha kuifanya hadai hisani ya mtu. Ile pesa ni yake tayari, ila imo mfukoni mwa mwingine.

Septemba 2015 shule zilifungwa kwa mgomo wa walimu. Hilo lilikuwa dai la aina ya kwanza. Juni mwaka huo Jaji Nderi Nduma wa Mahakama ya Ajira na Leba alikuwa ameamua walimu waongezwe kati ya asilimia 50 na 60. Serikali ikakataa kulipa, walimu wakagoma, na Novemba Mahakama ya Rufaa ikaufuta uamuzi ule. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa nje ya darasa, basi siwezi kujifanya sina upande. Nataka tu uone kwamba chama kilikwenda mahakamani kwa niaba ya maelfu, kikashinda, kisha kikashindwa, na nyongeza yenyewe haikuwahi kuwa pesa iliyokwisha kuchumwa.

Sasa fungua tamthilia. Katika madai ya wafanyakazi wa Baraza la Cheneo, chukua penseli na utenganishe aina hizo mbili. Wapi wanadai nyongeza? Wapi wanadai kile walichostahili kulipwa? Wapi hawadai pesa kabisa bali vifaa vya kazi au dawa hospitalini? Mtahiniwa anayeandika kwamba madai ya wafanyakazi yana sura zaidi ya moja, kisha akathibitisha kila sura kwa tukio, tayari amempita aliyeandika neno "wananyanyaswa" mara nne.

Kinachotokea mshahara ukichelewa

Barabara ya kutoka Likoni kwenda Lunga Lunga ina kazi za namna kuu mbili. Ukifika Ukunda ukakunja kushoto kuelekea baharini, unaingia Diani: hoteli, mikahawa, waosha nguo, wapishi, walinzi, watunza bustani. Ukiendelea mbele kupita Msambweni, unafika Ramisi, nchi ya miwa. Kote kuwili, pesa huja kwa msimu. Watalii wakipungua, hoteli hupunguza watu. Vurugu za Likoni za Agosti 1997 ziliufunza ukanda huu somo hilo kwa uchungu, maana wageni walikimbia na kazi zikaenda nao. Huko Ramisi, kiwanda cha zamani cha sukari kilifungwa mwaka 1988, na ikawa miaka mingi kabla ya kiwanda kingine kusimama na miwa kurudi. Muulize mzee yeyote wa Msambweni maana ya kiwanda kufungwa. Hatakuambia habari za tani za sukari. Atakutajia duka lililokuwa likikopesha unga, na watoto walioacha shule.

Hapo ndipo penye kiini. Mshahara ukichelewa, mwenye deni hawi mwajiri peke yake. Mfanyakazi naye anakuwa mdaiwa: wa mwenye nyumba, wa muuza duka, wa shule. Kila mmoja anamgongea mlango, na yeye mlango wa kugonga ni mmoja tu, ambao haufunguki.

Niliwahi kuwa na mwanafunzi ambaye baba yake alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya ufuoni, ambayo sitaitaja. Wafanyakazi thelathini na kitu walikuwa hawajalipwa kwa miezi mitano. Walikutana chini ya mwembe, wakakubaliana kwenda mahakamani pamoja. Kabla kesi haijawasilishwa, hoteli iliwaita mmoja mmoja afisini. Kila mmoja aliwekewa mezani nusu ya pesa zake na karatasi ya kutia sahihi, imeandikwa kwamba amelipwa yote na hana dai jingine. Yule baba alikuwa na barua ya shule mfukoni, mtoto wake arudi nyumbani kwa karo. Alitia sahihi. Wenzake wachache walikataa, wakaendelea na kesi, na baada ya miaka walilipwa kwa mafungu. Yeye hakuwemo. Alinijia shuleni siku moja kuniuliza kama ile karatasi inaweza kufutwa. Nilimpeleka kwa wakili, naye akatueleza kwamba mahakama huiheshimu karatasi ya namna hiyo iwapo aliyeitia sahihi aliielewa na hakulazimishwa. Je, karo ni kulazimishwa? Wakili alitabasamu kwa huzuni, akasema sheria haitazami hivyo.

Nimekusimulia haya kwa sababu mbinu ile ile imo Cheneo. Tazama jinsi Meya anavyoukabili mgomo: kwa ahadi, kwa vitisho na kwa nguvu za askari, ilhali yeye na waliomzunguka wanaendelea kuponda raha, na mkewe yuko ng'ambo kujifungua. Tazama pia anavyowafanya madiwani wanaomsifu kuwa wake na kumtenga anayempinga. Anayetawala wengi hupenda kuwashughulikia mmoja mmoja. Hii ni hoja ya maudhui (utengano kama silaha ya mtawala), na pia ni hoja ya wahusika.

Kesi ya pamoja inavyokwenda

Hutaulizwa sheria katika mtihani wa Fasihi. Hata hivyo, ukizijua njia alizo nazo mfanyakazi, utaziona zile ambazo mwandishi amezifunga makusudi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira unaofaa, haki ya kujiunga na chama, na haki ya kugoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataja hata wakati wa kulipa. Kibarua wa siku hulipwa siku inapokwisha, na wa mwezi hulipwa mwezi unapokwisha. Mwajiri akimtumia mtu kama kibarua kila siku kwa mwezi mzima au zaidi bila kukatiza, sheria inamhesabu mtu huyo kuwa mfanyakazi wa mwezi, hata kama daftari bado linamwita kibarua. Hili linawahusu wengi sana katika mashamba na mahoteli ya Kwale, na wengi wao hawalijui.

Wakiwa wengi wenye dai moja, hawalazimiki kufungua kesi thelathini. Wanaweza kupitia chama chao, na kwa wafanyakazi wa hoteli mara nyingi hicho ni KUDHEIHA. Wasio na chama wanaweza kumteua mwenzao mmoja au wachache washtaki kwa niaba ya wote. Hapo huhitajika barua ya idhini iliyotiwa sahihi na kila mmoja anayewakilishwa. Karatasi hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo roho ya kesi. Jina lisilokuwemo, hata kama mwenyewe alikuwa akihudhuria kila mkutano chini ya mwembe, halimo katika hukumu. Na wakati haungoji, kwani madai ya mkataba wa kazi hufa baada ya miaka mitatu kwa mujibu wa Sheria ya Ajira. Wapo walioahidiwa "mwezi ujao" mpaka miaka mitatu ikapita.

Kisha kila mlalamishi aonyeshe alifanya kazi, kwa muda gani, kwa mshahara gani. Hapa ndipo wengi hukwama, maana hawakupewa mkataba wala hati ya malipo. Sheria imeliona hilo. Ni wajibu wa mwajiri kuweka mkataba na rekodi, na asipozileta mahakamani, mzigo wa kukanusha anachosema mfanyakazi unamwangukia yeye. Lakini anayekwenda na daftari lake dogo la siku alizofanya kazi ana nguvu kuliko anayekwenda na hasira peke yake.

Na mwajiri akifilisika? Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inawaweka wafanyakazi miongoni mwa wadai wanaotangulizwa, ila kwa mishahara ya miezi minne tu na kwa kiasi kisichozidi shilingi 200,000 kwa kila mmoja. Zaidi ya hapo, mfanyakazi anapanga foleni pamoja na wengine wote.

Zingatia pia neno "sahihi" na neno "kitambulisho". Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya ukanda huu, waliishi kwa miongo mingi bila vitambulisho vya Kenya. Mtu asiye na kitambulisho anafunguaje akaunti ya benki? Jina lake linaandikwaje kwenye orodha ya mahakama bila yeye kuogopa? Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais, wakaahidiwa uraia, na mwaka uliofuata wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43. Hawakudai mshahara. Walidai kile ambacho bila hicho hata mshahara huwezi kuudai. Wanafunzi wangu wawili walikuwa watoto wa watu wale, na tangu siku ile sikuweza tena kufundisha maudhui ya "haki" kama neno la kukariri.

Nani anaingia mahakamani Cheneo?

Sasa tufike mahali ambapo watahiniwa wengi hupita bila kutazama. Katika *Mstahiki Meya*, mahakama ipo. Kuna kesi. Ila kesi hiyo haikuletwa na mzoa taka wala muuguzi. Aliyelishtaki baraza ni mwanakandarasi. Naye Bili, rafiki na mshauri wa Meya, anamshauri kwamba shauri limalizwe nje ya mahakama, mwanakandarasi alipwe fidia, na wao wapate fungu lao humo humo.

Soma sehemu hiyo tena ukikumbuka wale watu chini ya mwembe. Baraza linalosema halina pesa za kuwalipa wafanyakazi linapata pesa za kufidia kesi. Sheria iliyowekwa imlinde mnyonge imegeuzwa kuwa mfereji wa kuchotea mali ya umma. Wafanyakazi, ambao ndio wenye dai la haki, wanabaki na barabara na takataka zinazooza mjini. Njia tatu za kudai haki zipo (meza, barabara na mahakama), lakini mlango wa tatu unafunguka kwa wenye nacho tu.

Hiki ni kinaya cha hali ya juu, na sijui kwa nini watahiniwa wengi hukitafuta kinaya kwenye maneno ya wahusika peke yake, kana kwamba matukio hayawezi kuwa kinaya. Ukiandika hoja hii, ipange hivi:

"Kuna kinaya katika namna mahakama inavyotumika. Baraza linadai kwamba halina fedha za kuyatimiza madai ya wafanyakazi, lakini Bili anamshauri Meya kesi ya mwanakandarasi imalizwe nje ya mahakama kwa kulipa fidia, ambayo wao wenyewe wanatarajia kunufaika nayo. Chombo cha haki kinawanufaisha wachache huku wafanyakazi wakibaki bila kusikizwa."

Sentensi tatu. Ina hoja, ina mfano kutoka tamthiliani, ina maana ya mfano huo. Mtahini hahitaji zaidi.

Linganisha na hili, ambalo mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwenye mtihani wa majaribio baada ya kunisikiliza darasani: "Wafanyakazi wa Cheneo wangeenda Mahakama ya Leba kwa sababu Katiba Ibara ya 41 inawaruhusu, kama wale wa hoteli ya Diani." Nilifurahi kwamba alisikiliza, lakini nilimpa sufuri, na alininunia wiki nzima. Fasihi haitahiniwi hivyo. Cheneo ni mji wa kubuni, na hauna Ibara ya 41. Mambo ya Kwale ni taa ya kusomea kitabu tu, usiyapeleke kwenye karatasi ya majibu. Kila hoja yako itoke ndani ya tamthilia.

Je, mgomo ulikuwa kosa?

Swali hili lilikuwa likizuka darasani kila mwaka, na kulikuwa na wanafunzi walioamini jibu la "kistaarabu" ni kuwalaumu wafanyakazi. Wanasema mgomo uliumiza wagonjwa na kuuchafua mji. Ni kweli uliumiza. Lakini usimhukumu mgomaji kabla hujauliza ni milango mingapi alikuwa ameshagonga. Wafanyakazi wa Cheneo wanatuma wawakilishi wakutane na Meya. Daktari Siki naye anamwambia ukweli ana kwa ana. Mgomo unakuja masikio yakiwa yamezibwa.

Pwani yetu ina historia hiyo. Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wakiwemo wa bandari na reli, waliacha kazi kwa siku kumi na mbili kwa sababu ya mishahara duni na gharama za maisha. Chege Kibachia akawa kiongozi wa shirikisho lao. Serikali ya kikoloni iliunda jopo la kuyasikiliza madai, na baadhi ya mishahara ikapanda. Kabla ya mwaka kwisha, Kibachia alikuwa amekamatwa na kupelekwa uhamishoni. Kuunda jopo na kumkamata kiongozi vilifanywa na serikali ile ile. Ukiisoma Cheneo na hilo akilini, hutashangaa kuona meza ya mazungumzo na askari wakitumiwa na mtu mmoja.

Kwa hiyo, ukiulizwa kujadili uhalali wa mgomo, toa pande zote mbili ikiwa swali linasema "jadili", lakini uwe na msimamo. Mtahiniwa anayeogopa kuwa na msimamo huandika kurasa mbili zisizosema kitu. Nimezisoma nyingi.

Zoezi

Jibu swali lifuatalo kwa dakika thelathini na tano, bila kufungua tamthilia, kisha uifungue ujisahihishe mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

"Katika *Mstahiki Meya*, asiye na chake hana pa kulilia." Thibitisha ukweli wa kauli hii kwa kurejelea wafanyakazi wa Baraza la Cheneo. (alama 20)

Kabla ya kuanza kuandika, orodhesha kando milango yote ambayo wafanyakazi wanaigonga, na kando ya kila mlango uandike nani aliyeufunga na alinufaikaje kwa kuufunga. Utapata hoja kumi bila kutafuta sana. Mlango wa mahakama uuandike pia, hata kama hawakuugonga, na ujiulize ni nani alikuwa ameshaingia.

Na nyinyi ambao, baada ya mtihani wa Novemba, mtakwenda kufanya vibarua hotelini au shambani mkingoja matokeo: nunueni daftari. Andikeni tarehe, saa za kazi, kiasi mlichoahidiwa na jina la msimamizi.